Kabla hamjachanga hela ya India: jinsi ya kumpata daktari wa pili ukiwa Moshi au Arusha

Jamani hii naandika kwa watu wa huku kwetu maana najua mambo yanavyoendaga. Mtu anapewa majibu mabaya Jumanne, Jumatano grupu la WhatsApp limeshafunguliwa, Jumapili kuna kikao nyumbani na kila mtu anaahidi kiasi chake, na kabla wiki ya pili haijaisha kuna shemeji ameshaleta namba ya wakala anayepeleka wagonjwa India. Upendo upo, hela inatafutwa kweli kweli, watu wanauza ng'ombe na viwanja, ila hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: huu ugonjwa tuna uhakika ndo wenyewe?

Mi nimekuwa mweka hazina wa hayo magrupu mara tatu kwenye ukoo wetu, mara mbili kwa watu wa Kibosho na mara moja kwa mjomba wa Arusha, kwa hiyo ninayoandika nimeyapitia kwa miguu yangu, foleni na mabasi na kusubiri majibu.

Kwanza niseme nani asihangaike na daktari wa pili. Mtu aliyepooza upande ghafla, mwenye kifua kinachobana na jasho la baridi, anayetoka damu nyingi, tumbo limekaza kama ubao, huyo anakimbizwa hospitali sasa hivi na anatibiwa na aliyepo. Hata saratani ya damu ile ya ghafla, hasa kwa watoto, haina wiki za kupoteza. Kwa magonjwa mengine mengi, uvimbe, mgongo, figo zinazoshuka taratibu, valvu ya moyo, nyonga, mara nyingi kuna nafasi ya wiki mbili tatu za kujiridhisha, ila usikisie mwenyewe, muulize daktari wako waziwazi: "Daktari, tuna muda gani kabla hili halijawa na madhara?" Akisema siku tatu ni siku tatu.

Sasa daktari wa pili maana yake nini. Watu wengi wanafikiri ni kuchukua ile karatasi ya majibu na kumpelekea daktari mwingine aisome. Hiyo ni kusoma maoni ya mwenzake tu, na kama wa kwanza alikosea na wa pili anakosea naye, maana anasoma sentensi ileile. Daktari wa pili wa kweli anaangalia kitu chenyewe, kinyama chenyewe chini ya hadubini, picha zenyewe za sitiskani (CT scan) au MRI kwenye kompyuta, anampapasa mgonjwa mwenyewe, halafu ndo anasema anachoona.

Mama mdogo wangu alikuwa na uvimbe kwenye ziwa. Wakamkata kinyama, majibu yakaja saratani, na wakala akaleta makadirio ya kuondoa ziwa lote na kimo (chemotherapy, dawa za kuua saratani) huko nje. Nikiwa nashika ile ripoti nikaona ni mistari minne. Hakuna kilichoandikwa kuhusu vipokezi vya homoni, wala kuhusu HER2, ile protini inayokuza baadhi ya saratani za matiti, na hivyo ndo vinavyoamua mgonjwa wa saratani ya matiti apewe dawa gani. Hakuna aliyetudanganya, kipimo hicho hakikufanyika tu, na hakuna aliyetuambia kwamba hakikufanyika. Tukaomba bloku, yaani kile kinyama kilichotunzwa kwenye nta, ipelekwe kusomwa upya na kupimwa vipokezi. Saratani ilikuwepo kweli, hilo halikubadilika, ila ilikuwa ile inayolishwa na homoni na HER2 haikuwepo, na mpango wote ukageuka. Alipasuliwa hospitali ya KCMC hapa Moshi, akaenda Ocean Road, taasisi ya saratani Dar, wiki tatu za mionzi, na sasa anameza kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Pasipoti aliyotengenezewa iko kabatini.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kukusanya vitu, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Anza na daktari wako wa sasa. Watu wanaogopa sana hapa, wanaona kama wanamtukana, wengine wanatoroka kimyakimya na kuacha faili, halafu wakirudi wanaona aibu. Usitoroke. Mimi huwa naenda na mgonjwa au na mtu mmoja mtu mzima wa familia, tunasubiri zamu, tunasalimia vizuri, na nasema hivi: "Daktari, tunashukuru sana kwa ulivyomhudumia mama. Familia inafikiria safari na ni hela nyingi, kwa hiyo kabla hatujaamua tunaomba mtazamo wa daktari mwingine. Tunaomba utuandikie muhtasari wa ugonjwa, na utusaidie tupate picha na slaidi." Sijawahi kufukuzwa. Mmoja alinyamaza kidogo akiangalia mezani, halafu akauliza, "Mnampeleka kwa nani? Maana kuna mtu mzuri zaidi kwa hili," akampigia simu mwenzake palepale. Ukikutana na mkali, nenda kwa uongozi wa hospitali, andika barua ya kuomba nakala. Taarifa za afya yako ni zako kuziona, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzipata.

Muhtasari uwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, umri, ugonjwa ulianza lini, dawa zote anazotumia na kipimo chake, mzio, vipimo vilivyofanyika na tarehe, na daktari anafikiria nini. Ukurasa mmoja au miwili inatosha. Usiache kutaja dawa za kienyeji, najua watu wanaficha, lakini zipo zinazosumbua ini na figo na daktari wa pili atababaika kutafuta sababu ambayo nyie mnaijua.

Halafu kinyama. Kinyama kikishakatwa kinawekwa kwenye formalini ya asilimia 10, kinagandishwa ndani ya nta, na hiyo ndo wanaita bloku. Ni kikasha kidogo cha plastiki, kipana kama vidole viwili, ndani kuna nta nyeupe na katikati yake doa dogo lililofifia ambalo ndo mwili wa mtu wako. Kutoka humo wanakata vipande vyembamba sana wanavibandika kwenye vioo, hizo ni slaidi. Bloku ikitunzwa vizuri inakaa miaka, kwa hiyo hata kama alipimwa mwaka juzi uliza, ipo. Omba bloku yenyewe kwa kusaini, au kama hawatoi, omba slaidi za ziada ambazo hazijapakwa rangi, kumi hivi, ili huko mbele waweze kufanya vipimo vyao. Wapo wanaotoa slaidi moja iliyopakwa rangi tu, hiyo inatosha kusomwa upya ila haitoshi kupimwa vipokezi.

Ukipewa, usiondoke dirishani kabla hujalinganisha namba. Mimi nilifunguliwa bahasha, nikasoma namba ya kwenye kikasha iliyoandikwa kwa penseli, nikasoma ya kwenye ripoti, tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimepishana. Dada wa maabara akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akarudi ndani bila kusema neno, akatoka baada ya dakika ishirini na kikasha kingine. Ile bloku ya kwanza ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Nilikaa kwenye benchi miguu haina nguvu, nikiwaza tungesafiri nayo.

Na ukisafirisha, nta ni nta, inayeyuka kwenye joto la nyuzi 60 hivi, kwa hiyo usiiweke juu ya dashibodi ya gari pale jua linapopiga wala kwenye buti la basi karibu na injini. Slaidi ziwe kwenye kiboksi chake cha plastiki, ukikosa funga kila moja na tishu halafu ziweke kwenye kopo gumu. Na kama ndo mnaenda kukatwa kinyama sasa na mnaambiwa mpeleke wenyewe maabara ya nje, hakikisha kwenye kichupa kuna formalini. Kinyama kilichowekwa kwenye maji au drip kinaoza njiani na mgonjwa anakatwa tena.

Picha sasa. Ile filamu kubwa nyeusi na picha uliyoipiga kwa simu ukiwa umeiinua dirishani havitoshi. Omba CD au flashi yenye picha zote kutoka kwenye mashine, maana sitiskani moja ina mamia ya picha na filamu inaonyesha chache zilizochaguliwa. Kabla hujaondoka omba waifungue hapohapo kwenye kompyuta nyingine uone inasoma na jina ni la mtu wenu. Mjomba wa Arusha tulimpeleka Dar na CD tupu. Basi la usiku, mgongo wake ule, tumefika asubuhi daktari anaweka CD hamna kitu ndani. Ilibidi kijana aende kuomba nyingine na kuituma kwa basi, tukapoteza siku mbili na hela ya gesti. Kwa moyo omba na video ya eko (ultrasound ya moyo), na kama alipitishiwa mrija wa kuangalia mishipa ya moyo omba video yake pia. Damu hazina shida, hizo zinarudiwa kila mahali, ila beba za miezi sita zote kwa mpangilio wa tarehe, maana kwa figo kwa mfano kreatinini (kipimo cha damu cha kuona figo zinafanyaje kazi) moja haisemi mengi, ila ukiona tano kwa mfululizo unaona inapanda kwa kasi gani.

Nani awe daktari wa pili? Awe bingwa wa ugonjwa huo hasa, asiwe anafanya kazi chini ya yule wa kwanza, na ikiwezekana awe hospitali tofauti. Ukiwa Moshi una KCMC, ipo tangu 1971 na ni hospitali ya rufaa ya kanda, ina mabingwa wa njia ya mkojo, macho, mifupa, ngozi, na kitengo cha saratani. Kama ulianzia hospitali ya Mawenzi hapa Moshi, au Mount Meru au hospitali binafsi Arusha, basi KCMC inaweza kuwa ndo maoni yako ya pili, na kutoka Arusha safari ni kilometa 80 tu. Kama ulianzia KCMC kwenyewe, toka nje ya kanda. Moyo nenda Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar, wanafungua kifua, wanabadilisha valvu, wanazibua mishipa. Mgongo, ubongo, nyonga na magoti ni MOI, taasisi ya mifupa hapohapo Muhimbili. Saratani ni Ocean Road, au hospitali ya Bugando kama una ndugu Mwanza wa kukupokea. Figo Muhimbili walianza kupandikiza 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma 2018, na bado nakutana na watu wanaoambiwa eti upandikizaji wa figo haupo nchini. Wengine wa Arusha wanavuka Namanga kwenda Nairobi, ni karibu kuliko Dar na kuna mabingwa wazuri, ila andaa hela taslimu maana bima ya huku huenda isikubalike kule.

Jina la daktari yeyote unaweza kuulizia Baraza la Madaktari Tanganyika kama amesajiliwa na kama ni bingwa kweli. Usione haya. Na kama mgonjwa anatumia bima omba rufaa iliyoandikwa, bila rufaa unaweza kukataliwa dirishani na kulipa mfukoni, ingawa hata kulipa mfukoni kumuona bingwa mara moja ni hela ndogo mno ukilinganisha na tiketi ya ndege peke yake.

Ukishafika kwake mpe vitu vyote, usifiche ripoti ya kwanza, ila usianze kwa kumwambia "tumeambiwa tufanye upasuaji, wewe unasemaje". Mwache mgonjwa aeleze mwenyewe, daktari aangalie picha, aseme kwanza. Halafu uliza, na uandike majibu kwenye daftari, maana ukitoka pale nusu umesahau na kwenye grupu kila mtu atakuja na yake.

Maswali yangu ni haya. Ugonjwa ni nini na una uhakika kiasi gani? Umefika hatua gani? Matibabu haya lengo lake ni kuponya, au kuongeza muda, au kupunguza maumivu? Hili la tatu wengi wanaogopa kuliuliza mbele ya mgonjwa, na ndo linalobadilisha kila kitu, kwa sababu familia inauza kihamba, shamba la ukoo, ikiamini inanunua uzima kumbe kinachotolewa ni miezi michache, na mgonjwa mwenyewe angeulizwa pengine angechagua kukaa nyumbani na wajukuu, na watu wa tiba shufaa, ile ya kutuliza mateso, wakimpa dawa ya maumivu vizuri. Muulizeni mgonjwa. Tulifanya kosa hilo kwa babu yetu, kikao cha watu ishirini na mbili kiliamua safari yake na yeye alikuwa chumba cha pili anasikia.

Endelea: tusipofanya lolote itakuwaje? Kuna nini kule nje ambacho hapa Tanzania hakifanyiki kabisa, au kinafanyika ila kwa foleni ndefu? Foleni ni ya muda gani? Akirudi nani atamfuatilia, na dawa atakazorudi nazo zinapatikana Moshi? Aliyepandikizwa figo anameza dawa za kuzuia mwili usiikatae maisha yake yote, na damu inapimwa kuangalia kiwango cha dawa, kwa hiyo hesabu ya safari bila hesabu ya dawa za kila mwezi ni nusu ya hesabu.

Madaktari wawili wakipishana msikimbilie yule anayesema mnachotaka kusikia. Kaeni mwone wanapishana wapi. Kama wanakubaliana ugonjwa ila wanatofautiana tiba, mara nyingi zote mbili zinakubalika na hapo ni suala la mgonjwa, umri wake, hela, umbali. Kama wanatofautiana ugonjwa wenyewe, hapo simama, bloku au picha zisomwe na mtu wa tatu kabla hajakatwa wala hajawekewa drip ya kimo. Pia unaweza kuomba waongee wenyewe kwa simu. Kwa saratani uliza kama kesi inaweza kupelekwa kwenye kikao cha madaktari, wanakaa wa upasuaji, wa mionzi, wa kimo na wa maabara pamoja, hapo unapata maoni ya watu wanne watano kwa mkupuo.

Kuhusu mawakala. Wapo waaminifu, wanasaidia viza na kupokelewa uwanja wa ndege, sitaki kuwasema vibaya wote. Ila wengi wanalipwa kamisheni na hospitali wanayokupeleka, na yale "maoni ya daktari wa India" unayoletewa bure kwenye simu ndani ya saa ishirini na nne yanatoka idara ya wagonjwa wa kimataifa ambayo kazi yake ni kupokea wagonjwa. Hayo ni makadirio ya bei, msiyahesabu kama daktari wa pili. Yasomeni hata hivyo, mwulize: siku ngapi za ICU zimo? Vifaa vya kuwekewa mwilini vimo? Akikaa siku kumi zaidi ni kiasi gani kwa siku? Msindikizaji anakula na kulala wapi? Jina la daktari atakayepasua ni nani, na tunaweza kuongea naye kwa video kabla hatujalipa? Hospitali ya India iwe na ithibati ya ubora ya NABH ya hukohuko India au ile ya kimataifa ya JCI, na hizo unaziangalia mwenyewe kwenye orodha zao, usiangalie nembo kwenye kipeperushi. Na hela ilipwe kwenye akaunti ya hospitali, isipite kwenye simu ya mtu.

Kama mnategemea serikali igharamie, njia inapitia hospitali za juu na Wizara ya Afya, madaktari bingwa wanapendekeza kwanza, kwa hiyo haya makaratasi yote bado yatahitajika.

Wa tatu kwenye ukoo wetu, binamu yangu, daktari wa pili alisema asafiri. Wa kwanza alisema hivyohivyo. Tukachanga bila mtu kunung'unika maana kila mmoja alijua kwa nini, na kwenye kikao nilisoma daftari zima kwa sauti. Alikuwa anahitaji figo na mdogo wake ndo alikuwa anatoa, na hapo jueni kwamba India wana sheria ya viungo ya mwaka 1994, lazima undugu uthibitishwe kwa nyaraka na barua ya ubalozi, kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa vya RITA vianze kushughulikiwa mapema, majina yakipishana herufi moja mtasumbuka sana. Uliza na ubalozi kuhusu chanjo ya homa ya manjano kabla ya kukata tiketi. Mgonjwa anayehitaji oksijeni au machela, shirika la ndege lina fomu ya afya inayojazwa na daktari, iombeni siku nyingi kabla, na mwenye hewa iliyovujia kifuani au aliyepasuliwa juzi asipande ndege mpaka daktari aandike kwamba anaweza.

Siku ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA, bloku, slaidi, CD, daftari na dawa za wiki mbili vinakaa kwenye mkoba wa mkononi, begi kubwa linaweza kupotea. Nakala ya kila kitu inabaki Moshi kwa mtu mmoja anayejulikana, na nyingine anapelekewa yule daktari wa kwanza, kwa sababu mgonjwa akirudi ni yeye atakayempokea.